Kipini Mdomoni

…imefungwa, neno moja tu, Nkwabi, liseme mambo yaishe, lakini kipini kiko mdomoni, nimekibana kwa meno tangu Kalasinga aulize mara ya kwanza, "Ya nne, Nkwabi? Iko fungwa?", na chuma kina ladha ya senti iliyokaa mfukoni siku nyingi, mafuta yananidondokea kwenye kola tone baada ya tone, nimesimama ndani ya shimo la gereji na tumbo la gari la yule Mgiriki tuliyempa jina la Miwani liko juu ya uso wangu, mikono nimeinyoosha juu kama mtu anayeomba mvua, mvua, hapana, nisianze na mvua, nianze na nati... nati tatu nimeshaziita, ya kwanza imefungwa, ya pili imefungwa, ya tatu imefungwa, ndiyo sheria ya Kalasinga, goti lake bovu halimruhusu kushuka shimoni, kwa hiyo anayefunga usukani huita kila nati kwa sauti, na kipini cha zamani hukirusha juu kwenye kopo la maziwa ili mzee akisikie kinavyolia, na akishakisikia haangalii tena, mwaka mmoja na nusu niko kwake hajawahi kuangalia tena, neno la fundi ndiyo kipini ya pili, husema hivyo akizipapasa ndevu zake, na neno langu leo atalipata, hata mlio wa kile cha zamani ataupata, ila kipini kipya hakitaingia. Nati ya nne iko mahali pake, nimeikaza kwa vidole na mzungusho mmoja wa spana, inatosha kumdanganya mtu, ila tundu lake ni tupu, kile kipini chembamba kama njiti ya kiberiti kinachopitishwa humo ili nati isijifungue yenyewe gari likitikisika, ninacho mimi hapa kwenye meno, na bila hicho nati itazunguka kidogo, leo robo, kesho nusu, mpaka siku moja ule mkono wa chuma unaobeba amri ya usukani na kuipeleka kwenye magurudumu utachomoka, na Miwani atabaki ameshika duara lisilo na kazi, kama mtoto anayechezea kifuniko cha sufuria, akate kushoto gari liende kulia, akate kulia gari liende kuzimu.

Na nimelifikiria vizuri jambo hili, mtu asiseme Nkwabi alifanya kwa hasira, hasira ilikwisha zamani, kilichobaki ni hesabu ya fundi, majaribio ya leo yatakuwa ya kwenda Ngokolo na kurudi, barabara nyororo, mwendo wa bibi harusi, nati itavumilia, na mimi mwenyewe nitakaa pembeni yake kama sheria inavyotaka, nitacheka naye hata, nitamwambia usukani umetulia, Bwana, na yeye atafurahi, kisha Jumamosi au Jumapili atashika njia ya Mwanza, ile barabara yenye mawimbi ya udongo mkavu inayotikisa meno kinywani, na hapo nati itakumbuka kwamba haina kipini... "Nkwabi!" anaita Kalasinga, "wewe nalala huko?", nami naguna tu, mmh, sauti ya mtu aliyebana kitu mdomoni, mafundi wote huguna hivyo, haina shaka yoyote, na juu yangu kiti kinalia, Miwani amekaa ndani ya gari lake tangu tulipolisukuma humu asubuhi, kama kuku juu ya mayai, naona kisigino cha kiatu chake kupitia tundu la sakafu tulilofungulia paipu, kiatu cha kahawia, kamba yake imefungwa vizuri, na ninawaza, mguu huo ndio uliokanyaga mafuta ukakimbia, mguu huohuo, na hajanitambua, aliponipa mkono asubuhi alisema "jambo, fundi", akanitazama kwa vioo vile vinene kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuniona, mimi niliyemfanyia kazi kwenye mgodi wake wa dhahabu Rwamgasa miaka mitatu, niliyekuwa namwashia injini ya kusagia mawe kila alfajiri, ameua mtu na hata ndugu wa marehemu hamkumbuki sura, basi vizuri, kitakachomfika hakitakuwa na sura pia.

Gari lenyewe si baya, lazima niseme, chuma hakina kosa, limetoka Amerika kwa meli na kutoka bandarini kwa treni, viti viwili tu kwa sababu Miwani hakupata kuwa na rafiki wa pili, jeupe, refu mbele kama mdomo wa korongo, na lina ufundi ambao hata Kalasinga alikuwa hajauona, mbele ya injini pana pampu inayozungushwa na mkanda, pampu inasukuma mafuta kwenye paipu, mafuta yanausaidia mkono wa usukani kusukuma magurudumu, ndiyo maana usukani wake ulikuwa mwepesi hata mtu aliweza kuuzungusha kwa kidole kimoja huku anakula karanga, wanauita pawa, na Miwani ameleta gari ling'olewe pawa hiyo yote, pampu, mkanda, paipu, kila kitu, afungiwe fimbo ya kawaida ya chuma kama ya lori la pamba, aukate usukani kwa misuli yake mwenyewe. Kalasinga alishangaa, "watu nalipa pesa kuweka, wewe nalipa pesa kutoa?", na Miwani akasema atamweleza, na mimi sikutaka maelezo, nilijua, kila tajiri akishachoka na starehe hutafuta taabu ya kujivunia, anataka akaendeshe mbio na Wazungu wenzake aseme mikono yangu ni ya dume, sawa, dume, utauona uzito wake. Nimeing'oa pawa yake tangu asubuhi kipande kwa kipande, na kila bolti iliyofunguka nilikuwa nasema moyoni, hii ya Mabula, hii ya Mabula, na hii.

Mabula, mdogo wangu, aliyezaliwa siku ya mvua wakampa jina la mvua, akafa kwa mvua, nilisema nisianze na mvua lakini ndiyo hiyo imeshaingia... mwezi wa tatu mwaka jana, mvua ya siku sita, na Mabula alikuwa chini kwenye shimo namba mbili, alipenda kuimba akiwa chini, nyimbo za kulimia za kwetu, tukimsikia huku juu tunajua yuko wapi kwa sauti, na ghafla wimbo ukakatika katikati ya neno, nguzo za mbao zimelegea, udongo umeshuka ukaziba njia yake, na nyuma ya udongo ule alikuwa hai, alikuwa anagonga, nyundo kwenye mbao, mara tatu anapumzika, mara tatu anapumzika, na maji yalikuwa yanaanza kujaa. Niliweka mikono mdomoni nikapiga mwano, ukelele wa kuitia msaada, na kwetu mwano ukipigwa hakuna anayebaki, hata kama ugali uko kwenye chungu, hata kama anayepiga ni yule mliyegombania mpaka wa shamba jana, unaacha unakimbia kuuelekea, na asiyekimbia hupewa mgongo, hasalimiwi, hapewi moto, na siku yeye akiitia watu hukaa vibarazani mwao wakamsikiliza tu, na walikuja, Mungu wangu, walikuja, wachimbaji wa mashimo yote, wanawake na majembe yao wakiwa na tope mpaka magotini, Wazinza wakaacha ng'ombe peke yao porini, Ghati muuza pombe alikuja na ndoo zake zote saba, na Miwani pia akatoka kwenye kibanda chake, akaja, akachungulia shimoni, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, akanitazama mimi usoni, mimi huyuhuyu, kisha bila neno akageuka akakimbilia gari, nikadhani anakwenda kuchukua kamba, na gari likawaka, likaruka tope, likaondoka. Kila mtu alikuwa anakimbia kuja, yeye peke yake alikuwa anakimbia kwenda.

Hilo halitoki, ule mgongo mweupe wa gari ukipotea kwenye mihogo, na watu wote wamesimama na ndoo mikononi wakitazama, na mimi nikasema mbele yao, mmemwona, mmemwona wenyewe, kisha tukapanga mstari, ndoo inashuka tupu inapanda imejaa, tupu, imejaa, na Mabula anagonga, mara tatu, na maji hayapungui, yanapanda, unatoa ndoo yanaingia ndoo mbili, na sijui ilikuwa saa kumi au saa kumi na moja, mvua ilipumzika kidogo, tukaisikia honi. Ilikuwa mbali upande wa mtoni, honi yenye sauti mbili kwa pamoja, nyembamba na nene, hakuna gari jingine Rwamgasa nzima lililokuwa na honi hiyo, ilikuwa inalia kwa kirefu, inanyamaza, inalia kwa kirefu, na Athanas aliyekuwa nyuma yangu kwenye mstari akaweka ndoo chini, akapiga hatua mbili, akasema, "Nkwabi, huyu naye ana nini?", na mimi nikamwambia arudi, nikasema kwa sauti wote wasikie, "Mwacheni apige honi yake, aliyeukimbia mwano na wake hautaitikiwa", na watu wakasema ndiyo, na Athanas akaokota ndoo yake, na hilo ndilo neno pekee la siku ile ninalojivunia, nimelisimulia Shinyanga yote, nimelisimulia kilabuni na watu wakanigongea meza, kwamba hata katika siku ile ya msiba Nkwabi alikumbuka desturi. Honi ikaendelea, kisha ikaanza kukonda, ikawa kama mbuzi anayeumwa, ikanyamaza. Baadaye, giza lilipokuwa linaingia na mvua imerudi, kugonga nako kukanyamaza. Siku ya tatu Miwani akarudi juu ya lori la watu, mkono wake wa kushoto umefungwa shingoni kwa kitambaa, tukasema ulevi huo, tukasema Mungu ameanza kukata chake, akasimama karibu na shimo akifungua mdomo na kuufumba, na watu zaidi ya sitini tukampa mgongo kwa pamoja, hakuna aliyeamrisha, tuligeuka tu, na nilipogeuka nilitema mate, na wiki ile akafunga mgodi akaondoka.

"Nkwabi, ya nne!" Subiri, Kalasinga, nguruma tu, nitakwambia, natafuta mahali pa kuliweka neno... na mama, Mayu wangu, yuko Ngokolo sasa hivi, amekaa mlangoni na Mbuke, mjane wa Mabula, wanachambua mchele, na jana nilipomwambia nani ameleta gari lake kwetu, aliweka ungo chini taratibu, hakushangaa, kama mtu aliyekuwa anamngoja mgeni na sasa mgeni amebisha hodi, akaniambia, "Mwanangu, mkono wa Mungu ni mrefu, lakini wako uko karibu zaidi," na asubuhi hii alinipa uji mwenyewe, alinishikia bakuli, mama mwenye miaka yake ile alinishikia bakuli kama naenda jandoni, kwa hiyo si mimi peke yangu ninayebana kipini hiki, tumekibana wote watatu, wanne na yule aliye chini... na juu huko wamechoka kuningoja wanazungumza, Mgiriki na Kalasinga, Kiingereza cha mmoja hakimwingii mwenzake kwa hiyo wanakutana kwenye Kiswahili, kila mmoja na kilema chake, "Sasa ambia mimi," Kalasinga anasema, "kwa nini hapana taka pawa? Kitu mzuri sana ile," na Miwani anacheka kidogo bila furaha, kiti kinalia, na mimi nasema moyoni, haya, jisifu, tusikie hizo mbio zako.

"Ile kitu mzuri kama mkanda iko zima," anasema Miwani. "Mkanda nakatika, basi usukani nakuwa mzito kama nyumba. Mimi nilijua hii siku moja tu, Rwamgasa." Anasema jina lile kama mtu anayetamka jina la ugonjwa wake, na Kalasinga anauliza, "Ile siku ya shimo?", kumbe Kalasinga anajua, kumbe kuna habari ya shimo ambayo Wagiriki na Wahindi wanapeana wao kwa wao, na mimi nainua kichwa, nakigonga kwenye chuma, hakiumi... "Shimo nabomoka, mtu moja iko ndani, naishi, nagonga. Maji naingia. Mimi naona ndoo, hapana saidia ndoo, lazima pampu ya maji, na pampu iko mgodi kubwa, maili tisa. Mimi hapana sema kitu na mtu, nakimbia gari, naendesha kama mwehu..." mwongo, mwongo, mwongo mkubwa, umekaa mwaka na nusu unaupika uongo huu, "...pale kona ya mto maji mingi barabarani, napita, maji napiga mkanda, pap, nakatika. Usukani nagoma. Mimi nakata, nakata, hapana kata. Gari naingia mtaroni, mkono yangu navunjika hapa." Labda anamwonyesha, labda Kalasinga anaugusa mkono ule, naisikia bangili yake ya chuma ikigonga mlango wa gari, "Pole sana, Bwana," na Miwani anasema, "Watu kumi tu nakuja, wao nanyanyua gari, mimi nafika. Gari nyepesi. Watu kumi tu. Mimi napiga honi, napiga, napiga, mpaka betri nakwisha. Hapana mtu nakuja."

"Labda hapana sikia," Kalasinga anasema.

"Mimi nasikia wao," anasema Miwani. "Kelele yao ya ndoo, nasikia. Kama mimi nasikia wao, wao nasikia mimi. Lazima nasikia. Ile kijana jina yake Mabula. Alikuwa naimba sana."

Usimtaje, nani amekuruhusu kumtaja, litoe jina hilo mdomoni mwako, wewe uliyekimbia, mtu akitaka kusafisha mikono hawezi kukosa maji, hadithi nzuri hiyo, ina mvua, ina mkono uliovunjika, na nani atakuja kuipinga, mto?... ila chuma hakisemi uongo, Nkwabi, na chuma chake umekishika tangu asubuhi, wewe fundi, wewe uliyefungua pampu yake na kukuta kishikio chake kimepinda kurudi nyuma, ukapiga mluzi ukasema huyu amegonga nini, halafu hukujiuliza tena kwa sababu ulikuwa unahesabu bolti za Mabula, na lile bonge la udongo mwekundu lililokwama nyuma ya paipu, juu kabisa, mahali ambapo tairi haliwezi kurusha tope, limeshindiliwa na majani ndani yake, udongo wa Rwamgasa, ningeujua hata gizani, nimeula miaka mitatu, ulilipukutisha bonge lile kwa bisibisi likakuangukia kifuani, liko hapo bado, kwenye mfuko wa ovaroli, gusa, na mkanda, mkanda wa pampu ulikuwa mpya, gari lote lina vumbi la kukaa juu ya mawe mwaka mzima na mkanda ni mpya, na betri mpya, Kalasinga mwenyewe alisema mbona betri hii changa kuliko gari, na ukacheka... mtu hapindi kishikio cha chuma ili amdanganye Kalasinga. Basi ni kweli. Ni kweli, na kama ni kweli, basi ile honi... hapana, usifike huko, rudi kwenye nati, nati ya nne, nusu mzungusho, njia ya Mwanza... ile honi ilikuwa mwano, Nkwabi. Alikuwa mtaroni na mkono mmoja, hajui kuweka mikono mdomoni na kuita kama sisi, aliita kwa alichokuwa nacho, kwa kirefu, ananyamaza, kwa kirefu, na tulikuwa zaidi ya sitini, na ndoo zile hazikuwa zinapunguza kitu, maji yalikuwa yanapanda tunayaona, watu kumi tu, ningetoa ishirini na mstari usingejua, maili moja mpaka mtoni, wangefika, wangelinyanyua, nyepesi kweli, leo tumelisukuma humu wanne bila jasho, angefika mgodi mkubwa kabla ya jua kutua, na Mabula alikuwa anagonga bado, honi ilinyamaza kwanza, honi ilinyamaza kwanza na kugonga kukaendelea, nilikusikia kote kuwili kwa masikio haya, na mtu mmoja alikwishapiga hatua mbili. Athanas alikwishaweka ndoo chini. Nani alimrudisha?

Ndiyo sababu Athanas hanitazami, sasa naelewa, alikuja msibani akala akaondoka, mwaka jana tulikutana sokoni akajifanya anachagua nyanya, nikadhani ananiona nimekuwa mtu wa mjini, nikamcheka, kumbe yeye hatua zake mbili anazo miguuni mpaka leo, na mimi nimekuwa nikilisimulia neno lile kilabuni, nikigongewa meza, mwacheni apige honi yake, jamani, nimejigamba kwa kumwua mdogo wangu na watu wameninunulia pombe... na Mayu, nitamwambia nini Mayu, amenishikia bakuli la uji kwa mkono wake, nitaingia mlangoni jioni aniulize kwa macho tu, na Mbuke atainua uso kutoka kwenye mchele, nitasema sikufunga, nimefunga, nitasema nini, ni rahisi zaidi kumpelekea kifo cha Mgiriki kuliko kumpelekea hiki, bado naweza, hakuna anayejua, neno moja tu, imefungwa, Miwani anakufa kwenye njia ya Mwanza na hadithi yake inakufa naye, Kalasinga ataisahau, mama atalala usingizi, na mimi nitabaki yule yule aliyekumbuka desturi, ni mimi tu nitakayejua, na kama kipini hiki kinamtafuta mtu, basi kinitafute mimi, kwenye majaribio niombe nishike usukani mimi, Bwana, niachie kidogo niusikie uzito, nishike njia ya Mwanza peke yangu nikanyage mafuta... na hata sasa sikupendi, Miwani, usidhani, kwa nini hukusema neno moja, ungesema pampu, neno moja, kila mtu anajua pampu, ulitutazama kisha ukakimbia kama mwizi, na uliporudi ukafungua mdomo ukaufumba, ungepiga kelele, ungetushika mashati, lakini nani angekusikiliza, sisi tulikuwa migongo mitupu, na wa kwanza kugeuka alikuwa nani, aliyetema mate alikuwa nani, nataka kumchukia mtu na kila ninapomgeuza huyo mtu namkuta ana sura yangu.

"Nkwabi!" Kalasinga sasa amekasirika, nasikia fimbo yake ikigonga sakafu, gonga gonga gonga, anapumzika, "Mimi nauliza mara ngapi, ya nne iko fungwa ama hapana?", na taya zangu zimekaza hata nikitaka kuzifungua hazifunguki, kipini kimeingia kwenye fizi, ladha ya senti imekuwa ya damu, na mikono bado iko juu, na mafuta bado yanadondoka, na ule mguu wenye kiatu cha kahawia unasogea, kiti kinalia, Miwani amechoka kungoja, anajinyoosha au anainama, sijui, labda ni kiwiko tu, kinagusa mahali kwenye usukani, na honi inalia. Juu ya kichwa changu, sauti mbili kwa pamoja, nyembamba na nene, kwa kirefu, shimo lote linajaa, ukuta unatetemeka mgongoni mwangu, na miguu yangu, miguu yangu yenyewe bila kuniuliza, inapiga hatua mbili.

Natema kipini kwenye kiganja.

"Nimesikia," nasema, sauti yangu inapasuka, najaribu tena, kwa nguvu zaidi, waisikie wote wawili, "nimesikia, Bwana, bado, ya nne haijafungwa, ngoja niifunge."